Pompi yangu ya kisima ilikuwa inaugua kila soko kubwa likikaribia

Wakuu, salamu kwenu wote, wa maji ya bomba na wa maji ya ndoo.

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Asiyeamini apande pikipiki aje Kasongo, nitamwonyesha kisima, nitamwonyesha gunia, na mbuzi aliyesikia maneno yote bado yupo, tunamfuga.

Kiswahili changu ni cha Maniema, huku Kongo. Msinirekebishe. Naandika na hasira, kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika mtoto anayenyonya.

Twende.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni Neema, wa pili ni huyu anayenyonya. Mume wangu, Baba Neema, iko Salamabila, anachimba dhahabu na wenzake. Hapa nyumbani tunakaa mimi, watoto, na mama mkwe wangu. Watoto wanamwita Koko, maana ni nyanya yao. Mimi namwita Mama, kwa heshima yote, hata leo.

Hilo neno heshima lishikeni, litarudi.

Zamani tulikuwa tunachota maji ya chemchemi, chini ya kilima. Kushuka ni raha. Sasa panda, bidoni ya maji kichwani, mtoto mgongoni, mvua imenyesha, udongo umekuwa sabuni. Niliwahi kuanguka pale mbele ya kwaya nzima ya kanisa letu. Bidoni ikashuka peke yake mpaka chini. Kwaya hawakunisaidia. Walicheka, kwa sauti zote nne.

Kisima tulikuwa nacho uani, lakini ni kirefu, kuvuta kwa kamba ni kazi ya kukuvunja mgongo. Ndiyo maana Baba Neema alipopata kidogo kule mgodini, alinunua pompi. Ile ndefu ya kutumbukiza ndani ya maji, inakula jua. Pano mbili za kunasa jua ziko juu ya bati, waya unashuka kisimani, tiyo, yaani bomba la maji, inapanda mpaka kwenye pipa lililokaa juu ya matofali, na chini ya pipa kuna robine ya kufungulia.

Jua likitoka, maji yanapanda. Unafungua robine kama mtu wa Kinshasa.

Lakini pompi ilikuja na maneno yake. Wenzake wa mgodini walikuwa wanaitaka ikavute maji ya shimo lao, kwa sababu shimo likijaa maji hakuna anayeona dhahabu. Baba Neema akaniambia wazi:

"Mama Neema, nimekuletea weye kwanza. Lakini siku nitasikia iko imelala tu huko, haifanye kazi, nairudisha huku."

Mmesikia wakuu? Pompi ikizubaa, naipoteza. Narudi kilimani, na kwaya inaningoja.

Basi nikaanza kuilinda kuliko mtoto mchanga.

Mimi sina kifaa cha kupimia. Nilisoma sekondari, nikamaliza, lakini hakuna aliyetufundisha pompi. Nina masikio, mikono na pua. Kumbe vinatosha.

Asubuhi jua likigusa pano, nasimama karibu na pipa. Pompi ikiwa nzima, maji yanaanguka ndani kwa mlio mnene, kama mtu anayemwaga mchele kwenye sufuria. Halafu nashika tiyo. Inapaswa kuwa baridi na itetemeke sawasawa, bila kurukaruka. Ikirukaruka na kukohoa, ujue inavuta hewa. Maji ya kwanza nayakinga kwenye beseni jeupe, nayatazama, nayanusa.

Na kipimo changu kikubwa ni maharage. Pompi ikianza, nabandika maharage. Pipa lazima lijae kabla maharage hayajalainika. Maharage yakishinda, kuna tatizo.

Jirani yangu Mama Sifa alikuwa anasimama kwenye uzio na kucheka mpaka anashika mbavu.

"Mama Neema, leo pompi iko na homa? Umeipa dawa? Imenyonya?"

"Cheka tu," namjibu, "kesho utakuja na bidoni yako hapa."

Na anakuja. Kila siku anakuja. Hana haya huyo mwanamke.

Sasa siku moja maharage yakashinda.

Yaliiva, tukala, nikaosha sufuria, pipa bado iko nusu. Nikaenda kusikiliza. Wakuu, ule mlio mnene ulikuwa umekwisha. Maji yanatoka kama mbuzi anakojoa. Nikashika tiyo, inakohoa. Nikanusa beseni, nikasikia harufu fulani kwa mbali, kama ya kitu kilichochacha. Nikajiambia labda ni beseni.

Usiku sikulala vizuri. Niliota kwaya.

Nikakaa na wasiwasi siku kadhaa. Halafu, soko kubwa likiwa limebaki siku chache, pompi, bila mtu kuigusa, ikapona. Mlio mnene, tiyo baridi, maharage yakashindwa. Nikamshukuru Mungu.

Soko lililofuata lilipokaribia, ikaugua tena. Likabaki siku chache, ikapona tena.

Nikaanza kuitazama kwa jicho baya. Hii ni pompi au mfanyabiashara?

Mama Sifa akasema ni uchawi, kuna mtu anaionea wivu. Nikamwambia mtu pekee anayeionea wivu ni yeye. Akanuna, lakini jioni bidoni yake ilikuja.

Hapa niwaeleze kitu kuhusu kisima chenyewe. Kina mfuniko wa mbao na bati, na mfuniko una kufuli. Neema aliwahi kukutwa anachungulia ndani, anaita jina lake asikie linavyorudi. Nilimchapa, nikalia, halafu tukatia kufuli. Ufunguo anashika Koko, ndiye mkubwa wa nyumba. Anaufunga kwenye pindo la kitenge chake, analala nao, anasali nao. Mimi niliona ni salama kabisa.

Na Koko naye nimseme vizuri, ni mchapakazi. Anauza unga wa mihogo soko kubwa, na unga wake unajulikana. Anamenya mihogo, analoweka, anaanika, anatwanga. Miezi ya nyuma alikuwa analalamika kila jioni juu ya wezi. Unaloweka gunia lako kule mtoni, unarudi, gunia limebebwa. Alilalamika mpaka masikio yangu yakachoka.

Halafu akaacha kulalamika. Mimi nikafurahi kwamba wezi wamekamatwa.

Wakuu, mimi ndiye mlinzi mkuu wa pompi, nasikiliza kila kitu, na hicho sikukisikia.

Ugonjwa wa tatu ulikuwa mbaya. Pompi ikawa inawaka, inanguruma kidogo, inajizima. Inapumzika, inawaka, inajizima. Na mtoto mdogo akaanza kuharisha. Kila mtu akasema ni meno. Mimi nikampa maji ya chumvi na sukari, na nikaenda kumwita fundi.

Fundi akaja na miwani ya jua na bisibisi moja mfukoni. Akashika waya. Akaweka sikio kwenye tiyo. Akatikisa kichwa kama daktari anayekuja kukwambia ukae chini kwanza.

"Mota imeungua."

"Fundi, haujafungua hata kisima."

"Fungua basi."

Nikaenda kutafuta ufunguo. Koko hayupo. Ameenda shambani, na ufunguo kwenye pindo la kitenge.

"Haina haja," fundi akasema, "mimi naijua mota kwa sauti."

Na huyu mtu, nimemlisha mpaka ndizi, akampigia simu Baba Neema yeye mwenyewe, mbele yangu, akamwambia mota imeungua! Nilitaka kumnyang'anya ile bisibisi nimfanyie kitu.

Baba Neema akanipigia. Rezo ya simu ya Salamabila mnaijua, neno moja linafika, mawili yanapotea porini.

"Namutuma motari... anakuja kuchukua pompi... huku kuna watu wa kutengeneza... shimo imejaa..."

"Baba Neema, haijaungua! Mota iliyoungua haiponi kila soko!"

"Soko gani?"

Simu ikakata.

Basi ikawa hivyo. Motari, yaani mtu wa pikipiki, iko njiani kutoka Salamabila na tope lote lile, anakuja kubeba maji yangu. Mimi nimebaki nimesimama uani na mtoto anayeharisha, nimeshika tiyo inayokohoa.

Nilikasirika, wakuu. Lakini hasira yangu mimi hainipofushi, inanisafisha macho. Nikajiambia: kitu kinachokuja na kuondoka chenyewe hakikai ndani ya mota. Kinatoka nje, kinaingia kisimani, halafu kinatolewa. Nani anakitoa?

Asubuhi yake nikakinga maji kwenye beseni jeupe. Machache, yanatoka kwa shida. Yana povu pembeni. Na katikati ya beseni kikaja kitu kinaelea, cheupe, chembamba, kirefu kama kidole.

Nikakitoa. Nikakivuta. Hakikatiki.

Hakuna mwanamke wa Kasongo asiyejua kile kitu. Ni ule uzi wa katikati ya muhogo, ule unaobaki mkononi muhogo ukishaloweka vizuri na kulainika.

Nikanusa tena. Ile harufu ya kuchacha. Sasa nikaijua.

Nikaenda jikoni. Koko amekaa kwenye kigoda, anapepeta.

"Mama, naomba ufunguo ya kisima."

"Ya nini?"

"Robine inatoa nyuzi za muhogo."

Akafungua pindo la kitenge polepole. Akanipa ufunguo bila kuniangalia. Halafu, kabla hata sijageuka, akaanza:

"Maana kule mtoni wezi wamezidi..."

Nani amemuuliza habari ya wezi?

Nikafungua mfuniko. Pale kwenye chuma kinachoshikilia kamba ya pompi, kamba zilikuwa mbili. Ya kwanza ya pompi. Ya pili, kamba nyingine nzuri kabisa, imefungwa kwa fundo la mtu anayejua kazi yake. Nikavuta. Mama Sifa, ambaye alikuwa ameshafika kwenye uzio bila kuitwa, akaruka akaja kusaidia.

Likapanda gunia. Limejaa mihogo iliyolowa, laini, inanuka mpaka mbuzi akarudi nyuma.

Tukapandisha na pompi. Kile kichungio cha chini, penye matundu ya kunyonyea maji, kilikuwa kimezibwa chote na ute mweupe na nyuzi, kama mtu amekifunga bendeji. Gunia likitolewa kwenda kuanikwa, ute unaondoka nalo kidogo kidogo, pompi inapumua. Maskini pompi yangu ilikuwa inakabwa shingo kila wiki ya soko, na watu wanasema ni mgonjwa.

Sasa ile heshima niliyowaambia.

Kwetu, mke wa mtoto hampigii mama mkwe kelele. Haiwezekani. Ukimpigia kelele, kesho ukoo wote umekaa kwenye uwanja wako wanauliza ulilelewa wapi. Ukiwa na hasira, unasema na mwingine, na yeye anasikia. Mara nyingi unasema na mtoto, au na jirani. Neema alikuwa shuleni, na Mama Sifa nisingempa hiyo raha.

Nikamgeukia mbuzi.

"We mbuzi! Weye iko unaona mambo ya hapa? Mutu anachukua muhogo, tena ule muchungu, anatumbukiza mu kisima! Muhogo muchungu tunalowekea nini? Si uchungu itoke? Na ikitoka inaenda wapi? Inaenda mu maji! Na maji inaenda wapi? Mu kikombe cha mutoto wangu! Kumbe si meno! Mbuzi, nijibu!"

Mbuzi akatafuna.

Koko naye hakusimama. Akaendelea kupepeta, na yeye akamwambia mbuzi:

"Mbuzi, ambia huyo mwenye kulalamika. Magunia yangu yalibebwa mtoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Alikuja kunisaidia kulia? Alisema tu: pole Mama. Pole inapikwa?"

"Mbuzi! Uliza Koko, pompi ikikufa nani atapanda kilima na bidoni?"

"Mbuzi, mwambie kile kilima mimi nilikipanda na bwana yake tumboni."

"Mbuzi, kwa nini hakuniambia?"

Hapo Koko akaweka ungo chini.

"Mbuzi, angeambiwa angekubali?"

Mama Sifa akaangua kicheko. Sisi wote wawili tukamgeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile tukasema kitu kimoja: "Weye nyamaza!"

Halafu Koko akasimama. Akaja mpaka kwenye beseni, akaangalia ule uzi. Akaangalia mtoto mgongoni kwangu. Alipoongea, hakuongea na mbuzi.

"Hii uchungu niliifikiria inakaa ndani ya gunia," akasema. "Kisima ni kikubwa. Nilisema maji mengi vile itakuwa nini. Na mtoni tunaloweka, watu wa chini wanachota, hatujasikia kitu."

"Mtoni maji inatembea, Mama. Hapa imesimama."

Akatikisa kichwa. Akampokea mtoto mgongoni kwangu, akamfunga kwake, na akanishikia kamba.

Tukasugua kile kichungio kwa brashi ya viatu na maji safi mpaka kikaonyesha matundu. Tukarudisha pompi. Jua likaishika. Ikanguruma, ikakohoa mara ya mwisho, na maji yakaanguka ndani ya pipa kwa ule mlio mnene wa mchele.

Nilipiga kigelegele. Mtu asiyejua angesema tumepata mkwe.

Lakini maji yale hatukunywa. Mtoto nilimpeleka kituo cha afya, muuguzi akasema maji ya kisima yaachwe kwanza, yavutwe yote yamwagwe, kisima kijae upya. Tukavuta, tukamwaga kwenye mboga, kikajaa, tukavuta tena, mpaka beseni jeupe likawa halina povu wala harufu. Siku zote hizo maji ya kunywa nilifuata wapi? Kilimani. Kwaya walikuwepo. Wakanisalimia vizuri sana.

Mtoto akapona. Na mimi nikatoa pipa bovu lililokuwa limelala nyuma ya nyumba, tukalikata nusu kwa shoka, likaoshwa, likakaa chini ya mti, mbali na kisima. Ndiyo mto wa Koko sasa. Robine inalijaza, mihogo inalowa pale pale uani, mwizi aje tumwone. Kisima hakiguswi.

Tunafikiri yamekwisha. Motari akafika.

Wakuu, alikuwa tope mpaka kifuani, macho tu ndiyo yanaonekana. Akateremka, akanywa maji vikombe viwili, akasema Baba Neema amemtuma pompi. Na kamba ya kuifungia amekuja nayo.

Mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, tena mengi.

Koko akanipita. Akatembea mpaka kisimani, akapanga kitenge chake vizuri, akakaa juu ya mfuniko. Kakaa kabisa, kama kwenye kiti cha sebuleni.

"Kijana," akasema, "mwambie mtoto wangu: hii pompi inalisha mihogo yangu. Kama shimo yake imejaa maji, achote na kopo. Mimi nilimulea na maji ya kichwa, hakufa."

"Mama, mimi nimetumwa tu..."

"Na mimi nakutuma. Mama Neema, letea kijana unga."

Nilikimbia, wakuu. Sijawahi kumtii mama mkwe kwa haraka namna ile. Motari akafungiwa gunia la unga kwa ile ile kamba ya pompi, akapewa na ndizi za njiani, akaondoka zake.

Siku kadhaa baadaye simu ikalia. Rezo, kwa ajabu, ilikuwa safi.

"Mama Neema. Nimeomba pompi, nimeletewa unga."

"Ndiyo."

"Ni mweupe sana," akasema. "Wenzangu wanauliza kama upo mwingine."

Pompi haikutajwa tena mpaka leo.

Sasa nilichojifunza. Msingoje pompi ifike kuzimika ndipo muiangalie. Jueni sauti yake ikiwa nzima, ndiyo mtajua ikibadilika. Shikeni tiyo, nuseni maji, na muwe na maharage yenu. Ikiugua halafu ikapona yenyewe, msifurahi, ulizeni ilikula nini. Fundi asiyefungua kisima mwambieni aondoke na miwani yake. Na ufunguo uwe na nakala, hata kama anayeushika ni malaika.

Hasira bado ninayo, sitadanganya. Nikikumbuka kile kikombe cha mtoto naenda kumtazama mbuzi dakika mbili tatu ndipo natulia. Lakini upo ulinzi sasa ambao hata mimi siufikii. Tangu mihogo yake itegemee robine, Koko hahitaji maharage wala beseni. Yuko jikoni, anapepeta, mgongo ameugeuzia kisima, na mimi nimesimama na sikio juu ya pipa sijasikia kitu, namsikia yeye:

"Mama Neema! Pompi imebadili sauti, kimbia uangalie!"

Naenda kuangalia. Wingu limepita juu ya pano.

Haya wakuu, nanyi semeni. Pompi zenu mnazisikilizaje, na kwenu ufunguo wa kisima anashika nani? Yule atakayeandika kwamba nilimkosea mbuzi adabu, namwomba aje ampelekee majani.